Wenzo, Kabari na Mkasi wa Chai: Mashine Sahili na Urahisishaji wa Kazi katika Nyanda za Kericho na Bomet

IKISIRI

Makala hii inaeleza namna mashine sahili zinavyorahisisha kazi za kila siku, kwa kutumia mifano kutoka nyanda za chai za Kericho na Bomet nchini Kenya. Hoja yetu kuu ni kwamba mashine sahili haiondoi kazi, bali hubadilisha namna kazi hiyo inavyolipiwa: hupunguza nguvu na kuongeza umbali. Kanuni hii ya fizikia inatusaidia kuutazama upya mjadala wa muda mrefu kuhusu mikasi na mashine za kuchumia chai. Aidha, inatusaidia kulielewa vyema zaidi neno ambalo sisi wanafunzi wa Kiswahili hulitumia kila siku bila kulitafakari, yaani neno nyenzo.

UTANGULIZI

Wakati wa masika, barabara za udongo zinazounganisha mashamba madogo ya chai na viwanda huko Bomet huwa na utelezi mwingi. Mwandishi wa makala hii alikulia karibu na kituo kimoja cha kununulia chai, na anakumbuka vyema jioni moja ambapo lori lililosheheni majani mabichi lilizama matopeni kwa gurudumu moja la nyuma. Vijana zaidi ya kumi walilisukuma. Walipumzika, wakahimizana, wakasukuma tena. Lori halikutikisika. Wakulima waliokuwa pale walianza kuingiwa na hofu, kwani majani yaliyoshindiliwa kwenye magunia kwa muda mrefu hupata joto na kuanza kuchacha, na kiwanda hakiwezi kuyapokea yakiwa katika hali hiyo.

Ndipo mzee mmoja, ambaye muda wote huo alikuwa amesimama kando chini ya mwavuli, alipowaagiza vijana walete gogo la mkaratusi na jiwe kubwa. Ncha moja ya gogo ilipitishwa chini ya fremu ya gari. Jiwe likawekwa chini ya gogo, karibu kabisa na gari. Kisha vijana wanne wakaning'inia kwenye ile ncha nyingine iliyokuwa juu. Gurudumu likainuka kiasi cha upana wa kiganja, mawe na matawi yakashindiliwa chini yake, na lori likatoka.

Je, mzee yule alifanya nini ambacho vijana zaidi ya kumi hawakuweza kukifanya? Yeye mwenyewe hakusukuma chochote. Nguvu zilikuwa zilezile za vijana, tena wanne tu. Kilichobadilika ni kwamba nguvu hizo zilipitishwa katika mashine. Swali hili ndilo linaloongoza makala hii, na baada ya kulijibu tutauliza la pili ambalo halina jibu jepesi: kazi inaporahisishwa, ni nani hasa anayepumzika?

MAANA YA MASHINE SAHILI

Neno mashine huwafanya wengi wetu kufikiria injini, moshi na kelele. Hata hivyo, katika sayansi mashine ni kifaa chochote kinachobadilisha ukubwa au mwelekeo wa nguvu ili kazi ifanyike kwa wepesi zaidi. Mashine sahili ni ile isiyo na sehemu nyingi wala haihitaji mafuta au umeme. Mtaalamu Heron wa Alexandria, aliyeishi katika karne ya kwanza baada ya Kristo, alizitaja tano: wenzo, kabari, roda, parafujo, na gurudumu na ekseli yake. Mteremko uliongezwa katika orodha hiyo karne nyingi baadaye. Kwa hiyo leo huhesabiwa sita.

Ili kuzielewa mashine hizi, ni muhimu kwanza kulielewa neno kazi kama linavyotumiwa na wanafizikia. Kwao, kazi ni kani inayotumika ikizidishwa kwa umbali ambao kitu kimesogezwa. Kijana aliyelisukuma lori hadi jasho likamtoka, na lori lisisogee hata kidogo, hakufanya kazi yoyote juu ya lori hilo kwa maana ya kifizikia, ingawa mgongo wake unaweza kutoa ushahidi tofauti.

Kutokana na maana hiyo tunapata kanuni moja inayozitawala mashine zote sahili. Kiasi cha kazi hakipunguzwi na mashine. Ukitaka kutumia nguvu kidogo, sharti ukubali kwenda umbali mrefu zaidi. Ukitaka kwenda umbali mfupi, sharti utumie nguvu nyingi. Tena, kwa kuwa kila mashine ina msuguano, kazi unayoitia ndani yake daima huwa kubwa kuliko kazi unayoipata. Hakuna mashine inayotoa kitu bure.

Hebu tulirudie gogo la mkaratusi. Katika kila wenzo kuna mambo matatu: egemeo, yaani mahali wenzo unapoegemea, mzigo, yaani kitu kinachoinuliwa, na jitihada, yaani nguvu inayotumika. Tuseme jiwe, ambalo ndilo egemeo, lilikuwa sentimita 30 kutoka kwenye fremu ya gari, na vijana walikuwa mita 3 kutoka kwenye jiwe. Upande wa jitihada ulikuwa mrefu mara 10 kuliko upande wa mzigo. Vijana wanne wenye uzito wa kilo 60 kila mmoja, jumla kilo 240, waliweza basi kuinua mzigo wa karibu kilo 2,400. Lakini tazama malipo yake: ili gurudumu liinuke sentimita 10, ncha waliyoning'inia ilishuka mita nzima. Walipunguziwa uzito mara 10, wakaongezewa safari mara 10.

MASHINE SAHILI KATIKA KAZI ZA SHAMBANI NA NYUMBANI

Wilbaro, au toroli kama wanavyoiita wengine, ndiyo mashine inayoonekana zaidi katika vijia vya Kericho na Bomet. Hubeba majani, mbolea, kuni, mitungi ya maji na maziwa ya kupeleka kwenye ushirika. Wilbaro ni mashine mbili katika umbo moja. Kwanza, ni wenzo wa daraja la pili, ambao mzigo wake huwa katikati ya egemeo na jitihada. Egemeo ni ekseli ya gurudumu lililo mbele. Iwapo mzigo wa kilo 60 umekaa nusu mita kutoka kwenye ekseli hiyo, na vipini vinashikwa mita moja na nusu kutoka kwayo, mikono hubeba uzito wa kilo 20 tu. Kilo 40 zilizobaki hubebwa na gurudumu. Ndiyo maana mtu mwenye uzoefu hupanga mzigo mbele, karibu na gurudumu, ilhali mgeni huupanga nyuma karibu na tumbo lake kisha akalalamika kwamba wilbaro ni nzito. Pili, gurudumu lenyewe hupunguza msuguano wa kuburura mzigo ardhini.

Mteremko nao tunauona kila mahali, kwa sababu nchi yenyewe ni ya vilima. Mashamba mengi ya chai ya eneo hili yako katika mwinuko wa takriban mita 1,800 hadi 2,200 juu ya usawa wa bahari, na mkulima hupanda na kushuka kila siku. Njia za miguu katika vilima hivyo hazipandi moja kwa moja. Hupinda kushoto na kulia. Anayepita njia hizo hutembea umbali mrefu zaidi, lakini kila hatua yake humgharimu nguvu kidogo. Mantiki hiyohiyo hutumika wakati wa kupakia. Gunia la kilo 50 likiinuliwa moja kwa moja hadi kwenye lori lenye kimo cha mita 1.2, huhitaji nguvu ya kubeba kilo 50 zote. Likisukumwa juu ya ubao wa mita 3.6, nguvu inayohitajika hushuka hadi thuluthi moja, yaani karibu kilo 17, pamoja na ile ya kushinda msuguano. Umbali nao umeongezeka mara tatu.

Kabari ni miteremko miwili iliyobandikwa mgongo kwa mgongo. Jembe, panga, shoka na kisu cha kupogolea michai vyote ni kabari. Katika kilimo cha chai, michai hupogolewa kila baada ya miaka michache ili isirefuke kupita kimo cha mchumaji na ili itoe machipukizi mapya. Kazi hii hutegemea ukali wa kisu. Kisu butu ni kabari nene: hupasua tawi badala ya kulikata, na jeraha la tawi lililopasuka huwa mlango wa maradhi. Viwanda vya chai pia hutumia kuni nyingi kwa ajili ya mvuke wa kukaushia majani, na kuni hizo, ambazo aghalabu ni za mkaratusi, hupasuliwa kwa shoka na kabari za chuma. Kabari yenye urefu wa sentimita 20 na unene wa sentimita 4 huikuza nguvu ya nyundo mara tano inapopanua ufa wa gogo, msuguano ukiwekwa kando. Wahenga walisema shoka lisilo mpini halichanji kuni. Tunaweza kuusoma msemo huo kisayansi: makali ni kabari na mpini ni wenzo, na moja bila ya nyingine haifai kitu.

Roda na parafujo hazihitaji maelezo marefu. Roda moja iliyofungwa juu ya kisima haipunguzi uzito wa ndoo. Hubadilisha tu mwelekeo wa nguvu, ili mtu avute kwenda chini akisaidiwa na uzito wa mwili wake. Roda mbili zikiunganishwa, moja ikifungwa juu na nyingine ikisogea pamoja na mzigo, uzito hupungua kwa nusu na kamba inayovutwa huongezeka maradufu. Parafujo nayo ni mteremko uliozungushwa kwenye nguzo. Jeki ya dereva wa lori ni mfano wake mzuri: mkono huzunguka mara nyingi, gari huinuka kidogo.

Kuhusu gurudumu na ekseli, nchi ya Wakipsigis ina historia inayostahili kutajwa. Katika enzi za ukoloni, wakulima wengi wa Kipsigis walijenga vinu vya maji kando ya mito yao kwa ajili ya kusaga mahindi. Maji yaliangukia gurudumu kubwa, ekseli ikazunguka, na jiwe la kusagia likazunguka pamoja nayo. Kabla ya hapo, unga ulisagwa na wanawake kwa mawe ya mkono, kazi ya saa nyingi ambayo hawakulipwa. Kinu kilipofika, wanawake walilazimika kubeba mahindi hadi mtoni na kumlipa mwenye kinu ada, lakini viwiko na magoti yao yalipumzika. Tunakitaja kinu hiki kwa kuwa ni mfano wa mashine iliyompunguzia kazi mtu yuleyule aliyekuwa akiifanya. Tutaona hapa chini kwamba mambo hayawi hivyo kila mara.

KUTOKA SHAMBANI HADI KIWANDANI

Mtu anayeingia katika kiwanda cha chai kwa mara ya kwanza, kiwe cha Litein, Kapkatet au Mogogosiek, anaweza kudhani kwamba ameziacha mashine sahili nje ya lango. Ukweli ni kwamba mashine changamano ni mkusanyiko wa mashine sahili zilizounganishwa.

Sehemu kubwa ya chai ya Kenya hutengenezwa kwa mtindo ambao majani hupondwa, huraruliwa na kukunjwa kwa wakati mmoja. Mashine ya kufanya hivyo ilibuniwa na William McKercher huko Assam, India, mwaka wa 1930. Moyo wake ni rola mbili za chuma zilizolazwa sambamba, zenye meno makali yaliyochongwa juu yake. Rola moja huzunguka polepole na nyingine kwa kasi, kwa kawaida mara kumi zaidi. Kwa mfano, mizunguko 70 kwa dakika dhidi ya 700. Ile ya polepole hulishika jani, na ile ya kasi hulirarua. Kila jino ni kabari, na kila rola ni gurudumu na ekseli yake. Kidole kimoja hakivunji chawa, na rola moja haisagi chai.

Baada ya hatua hiyo, majani huachwa yapate hewa hadi yageuke rangi, kisha hukaushwa na kupangwa kwa madaraja. Takriban kilo nne na zaidi za majani mabichi hutoa kilo moja ya chai kavu. Kwa maneno mengine, katika kila pakiti ya chai ya robo kilo tuinunuayo dukani kuna zaidi ya kilo moja ya machipukizi ambayo mtu fulani ameyachuma na mtu fulani ameyabeba.

MKASI NA MASHINE YA KUCHUMIA CHAI

Hapa ndipo tunapofikia sehemu nzito ya maelezo yetu. Uchumaji mzuri wa chai huhitaji majani mawili na kichipukizi chake. Mchumaji wa mkono huyatambua kwa jicho, huyashika kwa kidole gumba na kidole cha shahada, huyakonyoa na kuyatupia kikapuni mgongoni. Katika kazi hiyo mkono wenyewe ni wenzo wa daraja la tatu, ambao jitihada yake iko katikati ya egemeo na mzigo. Wenzo wa namna hii hauongezi nguvu. Huongeza kasi na wepesi wa kuelekeza. Ndiyo sababu mkono wa mchumaji hodari huenda mbio kuliko jicho la mtazamaji.

Mkasi wa kuchumia chai ni nyenzo mbili za daraja la kwanza zilizounganishwa kwa parafujo moja. Egemeo liko katikati, jitihada iko kwenye vipini na mzigo uko kwenye makali. Upande mmoja hufungwa trei au mfuko wa kupokea majani. Inafaa tuwe makini hapa, kwa sababu wengi hudhani kwamba mkasi huu unamwongezea mchumaji nguvu. Sivyo. Chipukizi changa la chai ni laini na huvunjwa na vidole bila taabu yoyote. Faida ya mkasi ni kwamba kwa mfumbo mmoja wa mikono hukata machipukizi yote yaliyo mbele ya makali yake. Kinachoongezeka ni idadi. Kinachopotea ni uteuzi, kwani mkasi hauna jicho. Hukata jani changa na jani kuukuu kwa pamoja, na wakati mwingine hulipasua jani katikati. Kanuni yetu imejitokeza tena: tulichokipata upande mmoja tumekilipia upande mwingine. Ndiyo maana KTDA, iliyoanza kama mamlaka ya serikali mwaka wa 1964 na kugeuzwa kuwa kampuni ya wakulima wenyewe mwaka wa 2000, imekuwa ikisisitiza uchumaji wa mkono kwa wanachama wake, ambao ni zaidi ya laki sita nchini.

Mashine ya kuchumia inayotumia petroli ni mkasi uleule uliopewa injini. Makali yake yana meno mengi yanayokwenda mbele na nyuma, na watu wawili huibeba juu ya meza ya michai, mmoja kila upande wa mstari. Mashine moja huweza kufanya kazi ya wachumaji wengi wa mkono.

Mashamba makubwa ya Kericho yalianzishwa katika miaka ya 1920, makampuni ya Brooke Bond na James Finlay yalipoingia katika eneo hilo, na kwa miongo mingi yalitegemea maelfu ya mikono. Mashine za kuchumia zilipoanza kuenea katika mashamba hayo, mgogoro haukukawia. Oktoba 2010 chama cha wafanyakazi wa mashamba na kilimo, KPAWU, kiliongoza mgomo wa kuzipinga. Miaka mingi ya kesi na mazungumzo ikafuata. Mei 2023, waandamanaji huko Kericho waliziteketeza kwa moto baadhi ya mashine hizo, na pakatokea makabiliano na polisi.

Ni rahisi kwa aliye mbali kuwahukumu waandamanaji hao kwamba ni watu wasiotaka maendeleo. Hukumu hiyo haikutolewa kwao pekee. Nchini Uingereza, kati ya 1811 na 1816, mafundi wa nguo waliovunja mitambo ya viwandani walisemwa vivyo hivyo, ilhali wao wenyewe walikuwa wametumia vitanda vya kufumia maisha yao yote. Mchumaji wa Kericho naye haichukii mashine. Asubuhi hiyohiyo ametumia panga, wilbaro na labda jeki. Tofauti haimo katika chuma. Imo katika mahali unafuu unapokwenda.

Tuchukue mifano miwili. Mkulima mwenye robo ekari ya michai huko Konoin akinunua mkasi, akamaliza kwa siku moja kazi iliyokuwa ikimchukua siku tatu, zile siku mbili zilizosalia ni zake. Anaweza kuzitumia kukamua ng'ombe, kupalilia mahindi au kupumzika. Ubora wa majani ukishuka na kiwanda kikamrudishia, hasara pia ni yake. Faida na malipo viko katika mkono mmoja. Kwa upande mwingine, tumchukue kibarua wa shamba kubwa anayelipwa kwa kilo. Mashine ikiletwa, zile siku mbili zilizookolewa si zake. Huenda akawa mmoja wa wawili wanaobaki kuibeba mashine hiyo, na kiwango cha malipo kwa kilo kikashushwa kwa sababu kilo zimekuwa nyingi. Huenda akawa miongoni mwa wale wengi wanaofunga virago. Unafuu umekwenda kwa mwenye shamba, na umbali ule wa ziada ambao kanuni yetu inasema lazima ulipwe na mtu, umelipwa na kibarua, anayetembea kutoka lango moja hadi lingine akitafuta kazi.

Haki inatutaka tueleze pia upande wa pili. Wenye mashamba hutoa hoja kwamba gharama za uzalishaji hupanda ilhali bei ya chai katika mnada wa Mombasa hupanda na kushuka bila kuwauliza, na kwamba shamba lisiloweza kujilipia haliwezi kuajiri mtu yeyote. Hoja hiyo ina uzito. Lakini haipingani na kanuni yetu. Inathibitisha kwamba kuna malipo, na kwamba lililobaki ni kukubaliana ni nani atakayeyatoa na kwa kiasi gani.

NYENZO: NENO MOJA, MAANA MBILI

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tuna sababu ya pekee ya kulitazama jambo hili, nayo imo katika msamiati wetu. Wenzo, kwa asili, ni gogo au mti unaotumiwa kuinulia au kusogezea kitu kizito, kama lile gogo la mkaratusi. Wingi wake ni nyenzo. Baada ya muda, wingi huo ulijitenga na umoja wake ukapata maisha mapya. Leo tunasema nyenzo za utafiti na nyenzo za kufundishia, na wapo wanaosema nyenzo hii na nyenzo ile kana kwamba wenzo haukuwahi kuwepo.

Hali kadhalika, wahakiki wa fasihi waliofuata mkondo wa Kimarx wamelitumia neno hilo katika istilahi nyenzo za uzalishaji mali, wakimaanisha ardhi, zana na mitambo ambayo jamii huitumia kuzalisha. Swali lao la msingi lilikuwa: ni nani anayezimiliki? Tunapoisoma riwaya ya Kuli ya Shafi Adam Shafi, inayosawiri maisha ya wachukuzi wa bandari ya Zanzibar na mgomo wao wa mwaka wa 1948, tunaliona swali hilo katika migongo ya watu. Wachukuzi wale walikuwa na nguvu tele. Walichokosa ni nyenzo, kwa maana zote mbili.

Ni vyema kukumbuka pia kwamba mashine hizi zina majina ya muda mrefu katika lugha yetu. Roda na parafujo ni maneno yenye asili ya Kireno, yaliyoingia kupitia mabaharia wa pwani karne kadhaa kabla ya chai kupandwa Kenya. Egemeo na jitihada hutumika katika masomo ya Sayansi kwenye shule za msingi za Tanzania. Nchini Kenya, hata hivyo, Sayansi hufundishwa kwa Kiingereza kuanzia madarasa ya kati ya shule ya msingi. Matokeo yake ni kwamba mtoto wa Bomet anaweza kusukuma wilbaro kila jioni, akajifunza wenzo darasani kila asubuhi, na asitambue kwamba ni kitu kimoja. Wito wetu kwa wanachama wenzetu ni kuyatoa maneno haya kwenye kamusi na kuyatia katika maandishi yanayoeleza mambo ambayo watu wanayafanya kwa mikono yao. Istilahi isiyotumika ni kama wenzo ulioegemezwa ukutani.

HITIMISHO

Katika makala hii tumeeleza kwamba mashine sahili hurahisisha kazi kwa kubadilishana nguvu na umbali, na kwamba haziondoi kazi yenyewe. Tumeona kanuni hiyo katika gogo lililoinua lori, katika wilbaro, katika njia za vilimani, katika kabari na katika rola za kiwandani. Tumeiona pia katika mkasi wa chai na mashine ya petroli, ambako hubadilika kutoka suala la fizikia na kuwa suala la jamii.

Husimuliwa kwamba Archimedes, mtaalamu wa Siracusa aliyeishi katika karne ya tatu kabla ya Kristo, alijigamba kuwa angeweza kuusogeza ulimwengu kwa wenzo iwapo angepewa mahali pa kusimama. Kwa kawaida tunaposimulia habari hiyo tunaustaajabia wenzo. Nyanda za Kericho na Bomet zinatufundisha kuyaangalia yale masharti yake. Mwenye robo ekari yake ana pa kusimama, na mkasi mkononi mwake ni msaada. Asiye na pa kusimama huletewa wenzo uleule, nao ukawa ndio unaomwinua na kumtoa.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, yaani mzigo alioubeba mwingine huonekana mwepesi machoni pa asiyeubeba. Kwa hiyo, kila tunapoambiwa kwamba kifaa fulani kitarahisisha kazi, tusiishie kuuliza ni kwa kiasi gani. Tuulize pia ni kazi ya nani.